Parseli hii zamani ilikuwa ya nini?



Wiki hizi neno linalorudi katika kila kikundi ni parseli. Wanaouza wanataka soko lenye paa ili mvua isiwafukuze. Wanaolima wanataka bustani karibu na nyumba. Wenye watoto wa miaka mitatu hadi mitano wanataka maternele ambayo mtoto anafika bila kuvuka barabara ya taifa namba 5 yenye malori. Wote wanatafuta senta, na nafasi inayobaki senta mara nyingi si shamba jipya. Ni pale palipokuwa garaji, pale wakadhafi walipopanga bidoni zao za esansi, kibanda cha fundi wa batri, gala la zamani, shimo la taka lililofukiwa. Parseli za namna hiyo zinapatikana kwa bei ndogo, pengine bure kabisa, na kikundi kinashangilia.

Mimi sitaki parseli hizo zibaki majani na nyoka. Senta yenye soko zuri na maternele inawapa wamama wetu maisha, na ardhi iliyolala katikati ya watu ni hasara. Ila kabla ya kuuliza bei, na kabla ya kutoa pesa za AVEC kununua misumari, tuulize swali moja: parseli hii zamani ilikuwa ya nini?

Huko Marekani, katika mji wa Niagara Falls, mwaka 1953 kampuni ya kemikali iliwauzia watu wa shule kiwanja kikubwa kwa dola moja. Dola moja, si zaidi. Chini yake palikuwa na mfereji wa zamani ambao kampuni ilikuwa imeujaza maelfu ya tani za taka za kemikali na kuufunika kwa udongo, na karatasi yenyewe ya mauzo ilisema kwamba taka zimo. Shule ikajengwa hapohapo, ikafunguliwa mwaka 1955, na nyumba za watu zikaizunguka. Mtaa huo ulijulikana kwa jina la Love Canal. Zaidi ya miaka 20 baadaye, mama mmoja aitwaye Lois Gibbs, ambaye mwanawe alisoma pale na kuanza kuanguka kifafa, alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani anaugua nini. Hakuwa daktari wala mhandisi. Mwezi Agosti 1978 rais wa nchi alitangaza hali ya dharura, na baadaye mamia ya familia yalihamishwa. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema «lakini wanatupa bure», mimi nakumbuka ile dola moja.

Mfano wa karibu zaidi uko Mombasa, kwa majirani wetu wa Kenya. Katika mtaa wa Owino Uhuru palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha batri za magari zilizokufa ili kutoa risasi. Sisemi risasi ya bunduki, nasema ile metali nzito na laini iliyo ndani ya batri, ambayo mafundi wetu wanaiita plombi. Kiwanda kilianza mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Moshi ulitua juu ya mabati na juu ya nguo zilizoanikwa, na maji machafu yalipita katika vijia ambamo watoto walicheza. Phyllis Omido aliajiriwa pale mwaka 2009, na mtoto wake mchanga akaugua. Walipompima damu wakakuta risasi. Yule mama alikuwa akimnyonyesha, hivyo sumu ilipitia katika maziwa yake mwenyewe. Aliacha kazi akaanza kuwakusanya majirani. Alitishwa, akashambuliwa, hata akakamatwa na polisi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014.

Hapo wengine watasema: basi, imekwisha. Haikwisha. Mwaka 2015, kiwanda kikiwa kimefungwa tayari, watafiti walipima damu ya watoto wadogo wa Owino Uhuru na ya watoto wa mtaa mwingine wa Mombasa uitwao Bangladesh. Watoto wa Owino Uhuru walikuwa na risasi karibu mara mbili ya wenzao. Mashine zilikuwa zimenyamaza, lakini udongo ulikuwa bado na kile ulichokula miaka yote. Risasi haiozi kama ganda la ndizi. Inabaki katika tabaka la juu la udongo, na kila jua likiwaka na upepo ukivuma, inaamka na vumbi.

Kesi nayo imekuwa ndefu. Mwezi Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kwamba udongo usafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zitolewe milioni 700 kwa kazi hiyo. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaondoa malipo hayo, na tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikayarudisha. Hesabuni wenyewe: tangu kiwanda kuanza hadi hukumu hiyo ya mwisho ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo wa kwanza alikuwa tayari kijana.

Kwa nini tunasema watoto kila mara? Kwa sababu mtoto anatambaa, anaokota, anatia mkono mdomoni. Na akimeza kiasi kilekile cha risasi, mwili wake unachukua mara nne hadi tano kuliko mwili wa mtu mzima. Inaingia katika damu, inakwenda kwenye ubongo, na nyingine inajificha katika mifupa. Mwanamke aliyeimeza zamani, mimba ikija mifupa inaanza kuiachilia, nayo inamfikia mtoto tumboni. Mtoto mwenye risasi hana alama usoni. Anachelewa kusema, hasikilizi, anasahau, anapigana, damu inapungua. Sisi walimu tunamwita mvivu au mkorofi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Na kiwanda kikubwa si lazima. Thiaroye-sur-Mer, pembeni ya Dakar, Senegali, hapakuwa na kiwanda chochote. Palikuwa na watu wanaovunja batri kwa mikono, na wamama walioanza kuchekecha mchanga wa pale ili kupata vipande vya risasi vya kuuza. Walichekechea uani, watoto wakiwa mgongoni. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Nasi sasa kila nyumba yenye paneli ya jua ina batri, na kila batri siku moja inakufa na kwenda kwa fundi.

Esansi na mazutu ni habari nyingine. Sisi wa barabara hii tuliona ubaya wa esansi inayowaka, kule Sange tarehe 2 Julai 2010, ndugu zetu zaidi ya 200 walipoangamia kwa lori moja. Ubaya wa esansi inayozama ardhini hauna moto wala kelele. Inashuka pole pole mpaka kwenye maji ya chini, na kisima kilicho karibu kinaanza kutoa harufu. Maji hayo huwezi kuyatibu kwa kuyachemsha sufuriani, na risasi nayo haiondoki kwa kuchemsha.

Tukiongeza mambo ya kwetu tambarare ya Ruzizi, wazee wanakumbuka pamba. Pamba ilipigwa dawa za wadudu, na dawa kama DDT inakaa ardhini miaka mingi. Gala la zamani la dawa si sawa na gala la mihogo, hata kama kuta zinafanana. Kadhalika maji yanahamisha vitu. Mulongwe ilipofurika Uvira mwezi Aprili 2020, matope yaliyoingia nyumbani yalitoka juu, yakapita katika garaji, vyoo, depo na taka. Kwa hiyo parseli ambayo yenyewe haikuwa na garaji inaweza kuwa imepokea ya jirani.

Sasa tufanye nini? Wamarekani, baada ya maumivu yao, walitunga sheria mwaka 2002 ya kusaidia miji kupima na kutumia tena viwanja vya namna hiyo, na kazi ya kupima wameigawa hatua mbili. Nimeipenda hatua ya kwanza kwa sababu haihitaji mashine. Ni kuuliza historia. Nani alikaa hapa, alifanya kazi gani, miaka mingapi, alimwaga wapi, alichoma nini, alifukia nini. Wao wanatafuta katika makaratasi na ramani za zamani. Sisi makaratasi mengi yamepotea kwa vita, lakini tuna wazee, na hakuna mhandisi kutoka Bukavu atakayepata maneno yao kama sisi tunavyoyapata.

Nashauri kila kikundi kinachotaka parseli kichague wamama watatu, mmoja ajue kuandika vizuri. Waende kwa wazee wanne au watano, mmoja mmoja, wasiwakusanye pamoja, kwa maana wakikusanyika mwenye sauti kubwa ndiye anayesema. Waulize fundi aliyefanya kazi pale, hata kijana aliyekuwa akibeba bidoni, kwa sababu wenye mali hawakumbuki walipomwaga. Kisha watembee juu ya parseli mchana wakiwa na daftari, wachore mchoro wake: barabara hapa, kisima pale, mteremko wa maji kuelekea kule. Waandike penye udongo mweusi wenye mafuta, mahali ambapo hata majani hayaoti wakati wa mvua, vipande vya batri, pipa lililooza, harufu wakichimba kidogo. Wavae viatu, wasibebe watoto siku hiyo, na wakirudi wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Lakini jicho lina mpaka wake. Risasi haina harufu, na majani mengine yanaota vizuri juu yake. Kwa hiyo kama historia inaonyesha batri, rangi, dawa au mafuta, hatua ya pili inafuata: udongo upimwe. Parseli inagawanywa visehemu. Katika kila kisehemu unachota udongo wa juu, ule mtoto anaoshika, mahali patano au zaidi, unauchanganya katika chombo safi, unatia ndani ya mfuko safi na kuandika ulikotoka. Halafu unachota wa chini kidogo, kina cha kiganja, mfuko wake peke yake. Laboratwari inasema kuna miligramu ngapi za risasi katika kilo moja ya udongo. Ipo pia mashine ya kushika mkononi inayosoma metali palepale kwa dakika chache, na mashirika mengine yanatembea nayo. Ili mjue namba zinasema nini: Marekani kwa miaka mingi ilichukua 400 kuwa alama ya hatari mahali watoto wanapocheza, na mwezi Januari 2024 ikaishusha hadi 200.

Pesa ya laboratwari ni kikwazo, najua. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni muhimu kwetu: inaonyesha ni parseli ipi isiyohitaji kupimwa, ipi ya kupima kisehemu kimoja tu, na ipi ya kuacha mara moja. Na ombi lililoandikwa pamoja na mchoro na maneno ya wazee, mtu wa shirika hawezi kulisukuma pembeni kama ombi la mdomo.

Hapa nataka kusema wazi, kwa sababu kuna wanaume wa kamati wanaodhani kupima ni njia ya kuzuia. Namba mbaya haisemi «kimbieni» kila mara. Inasema nini kiwekwe wapi. Parseli ya garaji ya zamani inaweza kuwa soko zuri kabisa, kwa sababu soko linahitaji sakafu ya simenti, na simenti inafunika vumbi. Wamama wanauza juu yake, paa inazuia mvua isipenye chini, mtaro unapeleka maji pembeni. Parseli hiyohiyo kwa maternele yenye uwanja wa udongo ni jambo jingine. Kama nina sauti katika kamati, nasema soko liende penye historia chafu na sakafu nzuri, na maternele iende mahali ambapo wazee wote wanakubaliana kwamba palikuwa mihogo na migomba tu, hata kama ni hatua 300 zaidi kwa miguu. Watoto watatembea. Kisima nacho kisichimbwe kamwe karibu na depo la zamani la esansi au mazutu.

Barabara yetu namba 5 mkiifuata kusini bila kuchoka mtafika Lubumbashi. Kule tanuri la shaba lilianza mwaka 1911, na moshi wake ukaanguka kwa miaka mingi juu ya mitaa iliyo upande upepo unapokwenda. Kuna mtaa unaitwa Penga Penga ambapo ardhi ilijaa shaba na metali nyingine hata ikabaki wazi, mvua inaichukua na upepo unaipeperusha nyumbani mwa watu. Wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kutia chokaa na mboji, kisha kupanda majani ya asili ya huko yanayovumilia shaba. Si kwamba majani yalikula sumu ikaisha. Yalishika udongo usiruke. Lubumbashi ni mji wa Kongo, wapimaji ni Wakongomani, na chokaa na mboji si vitu vya kuagiza Ulaya.

Tena sheria iko upande wetu. Katiba yetu, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inadai uchunguzi wa athari kabla ya mradi unaoweza kuharibu mazingira, na inashika kanuni kwamba aliyechafua ndiye alipe. Najua mnacheka. Aliyechafua wakati mwingine alikimbia, au ni marehemu, au ana cheo. Hata hivyo, kabla ya kusaini karatasi ya parseli mbele ya shefu, tuombe sentensi moja iandikwe ndani: kazi zilizofanyika hapa zamani ni hizi na hizi. Mwenye kutoa akikataa kuiandika, mmejua kitu. Na mwekeni nakala kwa karani wa kikundi, si katika mkoba wa rais.

Nimalizie na maswali ya wale wa bustani, ambao wameniuliza kuhusu lengalenga iliyokwisha kupandwa nyuma ya kuta za garaji. Mboga za majani zinabeba vumbi juu yake, na mizizi kama karoti inakaa ndani ya udongo wenyewe, hivyo hizo mbili ndizo za kuhofia zaidi. Nyanya, biringanya na maharagwe yenye maganda vina hatari ndogo zaidi. Mpaka mjue historia ya pale, hamisheni lengalenga, au jengeni matuta yaliyoinuka kwa udongo ulioletwa kutoka shamba safi, mkitandika turubai chini na kutia mboji nyingi. Osheni majani kwa maji mengi, menyeni mizizi. Mtoto mwenye njaa au mwenye upungufu wa chuma na chokaa mwilini ananyonya risasi zaidi, kwa hiyo maharagwe, sombe na ndagala zinazoliwa na mifupa yake zinasaidia, ingawa haziondoi sumu iliyopo.

Na nyinyi mnaokula udongo mkiwa na mimba, najua ni wengi na sitawakaripia leo: yule anayewauzia vipande vile sokoni, mmemuuliza anavichimba wapi?